Mavazi ya Watoto Yashonwe, Yasibanwe Pini

Harrow,
1 Oktoba 1996

Ndugu Katibu Nizar,

Nakuandikia nikiwa na afya njema, ukiondoa kidole gumba cha kulia. Barua ya kamati imenifikia Jumatatu, kurasa mbili, mmezibana kwa pini iliyofunguka. Nilitoka damu kabla sijafika kwenye salamu.

Nilipopata plasta niliisoma. Mnasema mavazi ya watoto ya ngoma ya sherehe ya Jumuiya yetu hapa Uingereza, ambayo nimeyashona mimi kila mwaka tangu tupate ukumbi, safari hii hayaletwi kwangu. Yatanunuliwa dukani, na yatakayopwaya yabanwe pini. Watoto thelathini! Mimi mnaniambia nipumzike. Nani kawaambia nimechoka? Wewe mwenyewe, Nizar, ulioa ukiwa umevaa suti niliyokushonea mimi Unguja. Tulipokimbia baada ya Mapinduzi uliacha nyumba, ukaibeba suti. Mpaka leo haijafumuka hata uzi mmoja.

Kwa heshima na taadhima, malalamiko yangu ni haya:

1. Pini ni uvivu. Sindano inamaliza kazi, pini inaiahirisha.

2. Waingereza, pamoja na wingi wa maneno yao, hapa wamefanya ubahili. Ya nywele ni pini. Ya kubandikia tangazo ukutani ni pini. Chuma alichotiwa Ameir nyongani alipoanguka kwenye ngazi za stesheni, pini. Namba ya siri ya benki, nayo pini! Kitu chenye kazi nyingi namna hiyo hakiwezi kukabidhiwa suruali ya mtu.

3. Hili nimelisahau. Litarudi.

4. Wanawake wetu wamejizatiti. Mke wangu Jaya ana pini kumi na moja zinazoning'inia kwenye bangili, kama mama yake na bibi yake. Moja ni ya sari begani, moja ya mikunjo kiunoni, na tisa ni za dharura za watu wengine. Sasa amemwambukiza Mumbi, yule nesi wetu kutoka Kenya, naye amezitundika saba chini ya saa yake ya kifuani. Yeye sari hana.

5. Lile la tatu limerudi. Ni harusi ya kule Stanmore, ambayo mlikuwepo na mlicheka. Nilipoinama kumgusa miguu babu wa bwana harusi anibariki, kifungo cha suruali yangu kilikatika, kikaruka mpaka meza ya keki. Sijanyooka, Jaya kishafika, pini mkononi, akanibana mbele ya wageni mia tatu. Mimi, fundi! Nyinyi mmeanza kunipumzisha tangu siku hiyo. Kwa hiyo aliyeniharibia jina si kifungo, ni pini. Bila pini ningeishika suruali kwa mkono, kistaarabu, mpaka nyumbani.

Naomba basi pini zipigwe marufuku ukumbini. Mlangoni liwekwe bakuli, kila mwanamke azitoe zote. Mumbi awapekue, baada ya yeye mwenyewe kupekuliwa. Matangazo ya ukutani yashonwe kwa uzi. Ameir aje na barua ya daktari. Mkikataa, nitamwandikia mbunge wetu.

Na mavazi yote thelathini yaletwe kwangu kabla ya Ijumaa. Nizar, ndugu yangu, nikikosa kazi hii sina nyingine. Siku hizi wanaoingia dukani kwangu wanauliza njia ya kwenda stesheni tu. Inaniuma.

Nisalimie kamati nzima, wake zao na watoto, na wale waliocheka mpaka wakakaa chini.

Wako katika uzi na sindano,
Ramesh, Fundi Cherehani

Tanbihi: Jaya ameisoma barua hii alipokuja kunitilia uzi kwenye sindano, maana siku hizi tundu silioni. Hakukasirika. Nikamuuliza siku ile ya harusi aliwezaje kunifikia upesi vile. Amesema pini alikuwa nayo mkononi, imeshafunguliwa, tangu tunatoka nyumbani, kwa sababu kile kifungo nilikishona mwenyewe. Basi, wabaneni watoto. Ijumaa Jaya atawaletea pini zake kumi. Ya kumi na moja nimemwomba abaki nayo, kwa ajili yangu.