Kinyozi wa Chini ya Maji Afungiwe Kibanda

Kwako Mheshimiwa Msimamizi wa Kituo cha Wazamiaji, ambaye pia ni kaka wa mke wangu, ila kwa leo undugu tuuweke kabatini.

Natumaini barua hii inakukuta mzima na mkavu. Kama ujuavyo, mimi ndiye kinyozi wa mkabala na soko, niliyenyoa mabaharia wa bendera zote na nahodha mmoja aliyelia kwa raha. Kwa hiyo nikilalamika kuhusu unyozi, amelalamika mtaalamu.

Jumamosi iliyopita ulinialika kuzamia. Mzamiaji wako, yule mrefu mnayemwita Mlingoti, alinifunga mtungi wa hewa mgongoni, akanitia mdomoni mpira wa kuvutia hewa, akanishusha hadi kwenye matumbawe. Hapo, kwa macho yangu haya, nikaona samaki wa buluu mwenye mstari mweusi, hazidi kidole, amefungua kibanda. Samaki wakubwa wamepanga foleni, naye anawasafisha mmoja mmoja, anawatoa wadudu na ngozi iliyokufa. Nyinyi mnaita maajabu ya bahari. Mimi naita ushindani usio na leseni. Malalamiko yangu ni haya:

1. Usafi. Alitoka kinywani mwa chewa akaenda moja kwa moja shingoni mwa kasa bila kugusa spiriti. Mimi nikifanya hivyo, bwana afya ananifungia duka kabla povu halijakauka.

2. Usalama kazini. Mteja anaachama, kinyozi anaingia mzima mzima! Nimewahi kutishwa na wateja, hasa wa ndevu, lakini hakuna aliyekuwa na nafasi ya kunimeza. Nasema haya kwa uchungu wa mwenzake wa kazi. Yule mdogo bila shaka ana watoto.

3. Pono, ambaye dunia nzima inamjua kwa usingizi, alikuwa kwenye foleni, macho kodo. Kwangu watu wazima na akili zao walikuwa wakigombania kiti.

4. Hili ndilo linaloniuma. Video uliyopiga kule, dada yako ameiweka kwenye televisheni ya duka langu. Juzi fundi viatu, mteja wangu tangu enzi ana nywele za kutosha, aliitazama huku nikimsimulia safari zangu. Akanyanyuka na nusu kichwa. "Kinyozi," akasema, "mwenzako anahudumia wenye meno na hasemi neno. Wewe tangu sikio la kulia hujameza mate!" Akatoka. Habari zikatembea, na tangu hapo benchi langu analilalia paka. Shemeji, duka likifa, dada yako atakula hadithi?

5. Nilipandishwa juu kabla ya wenzangu, ati hewa ya mtungi nimeimaliza kwa kuongea. Ni kweli nilikuwa nampa yule samaki mawaidha mawili matatu kupitia mpira, mapovu yakatoka. Tangu lini mawaidha yakapimwa kwa mtungi?

Kwa hiyo naomba kibanda kile kifungwe. Mkikiacha, kesho ataanza kuhudumia watu. Keshokutwa vinyozi wa nchi zote zenye bahari watalala njaa. Vichaka vitaota vichwani, washona kofia watafilisika, mabwana harusi watakataliwa mlangoni, na kizazi cha binadamu kitaishia hapo kwa sababu ya samaki wa urefu wa kidole, Mlingoti akitazama tu.

Nisalimie mama mkwe, watoto wote, Mlingoti, na kasa, ambaye hana kosa.

Wako katika haki na wembe,
Shemeji Mikono Laini

Nyongeza: Kibanda kisifungwe kabla ya Jumamosi. Nilipokuwa napandishwa, yule mdogo alikuwa ameshaanza kukisafisha kidole changu cha mkasi, pale penye sugu. Shemeji, kinyozi hajinyoi, na tangu nishike wembe hakuna aliyewahi kunihudumia taratibu vile. Jana fundi viatu alirudi na nusu yake. Nilimmalizia kimya, nikijifanya nina mpira mdomoni. Akalala usingizi wa pono. Niwekee nafasi kwenye foleni, hata iwe nyuma ya kasa. Safari hii hewa itatosha.