Ombi la Kumzuia Shemeji Yangu Kusogeza Askari Hatua Moja

Ndugu Katibu wa Chama cha Sataranji,

Nakuandikia nikiwa nimeegemea mito mitatu, lakini akili timamu. Siku hizi daktari akitaka kuzungumza na binti yangu humpeleka kwanza koridoni, kwa hiyo niruhusu niende moja kwa moja kwenye hoja.

Namshtaki shemeji yangu, fundi viatu, kaka wa marehemu mke wangu.

1. Kwa miaka ishirini na mbili, kila nikianza na nyeupe kwa kusogeza askari wa mfalme hatua mbili, yeye husogeza wake moja. Moja tu. Ni ule ulinzi wa Kifaransa, ambao nusu ya wanachama wako wanautumia. Ila wao hushindwa mara mojamoja, kwa adabu.

2. Mimi, mkaguzi wa shule mstaafu, nimejaza madaftari saba ya kuubomoa. Matatu ya kusukuma askari mbele, moja la kubadilishana askari, yaliyobaki ya kutoa farasi kwanza. Yeye hana hata karatasi. Hukwangua gundi kwenye kucha, kisha huniuliza, "Shemeji, leo tumefika daftari la ngapi?"

3. Hapa naungama, maana sitaki kuondoka nalo. Kurasa arobaini zilizonyofolewa kwenye kitabu cha chama kuhusu ulinzi huo ziko chini ya godoro langu. Nilizichana ili asizisome. Hakuwahi hata kuzitafuta. Aliendelea kunishinda hivyo hivyo, bila kusoma, jambo ambalo ni dharau kwa elimu. Mtunza vitabu mliyemsimamisha kwa ajili ya kurasa hizo arudishiwe funguo zake. Lawama aandikiwe shemeji: angeshindwa mapema, nisingechana kitu.

4. Hivyo basi, kamati ipige marufuku ulinzi huo hadi nitakapozikwa. Baada ya hapo waucheze hata juu ya kaburi langu, sitapinga.

Nisalimie mweka hazina, mlinzi wa getini na wote wachezao nyeusi, isipokuwa mmoja.

Wako katika subira iliyokwisha,
Mkaguzi Mstaafu

Nyongeza: Kabla sijaifunga bahasha, shemeji ameingia, ameketi kitandani, akapanga kete. Nikasogeza askari wangu hatua mbili. Naye akasogeza wake mbili. Sina daftari hata moja la hilo, lakini alicheza vibaya kwa ustadi mkubwa, nikamshinda chai ikiwa bado ya moto. Akanishika mkono, akasema leo nimemweza. Hajawahi kunidanganya mtu yule, hadi leo. Tafadhali lichaneni ombi langu. Mwagizeni, kwa barua yenye muhuri, Alhamisi arudi na ile hatua yake moja, anipige kama mtu mwenye afya.