Medali ya Magamba

Siku ya ine, 27 Novemba

Nimefika Kashikishi kwa mashua toka Kilwa. Viatu imelowa, roho iko juu! Asubuhi ziwa Mweru ilikuwa nyeupe yote, hauone fasi maji inaishia na fasi mbingu inaanzia. Nikaona jina yangu mule ndani ya ukungu: Profesa Constantin. Kwa sasa mimi shefu de travo tu, mwalimu wa chini ya profesa. Miaka na miaka, shefu de travo!

Mambo iko hivi. Kuna mufuko moja ya utafiti, inatafuta mwalimu moja wa sayansi ya materio, ule anajua bintu inatengenezwa na nini na itavumilia namna gani. Atapata medali na feza ya kazi. Juri inakuja hapa siku ya pili, tarehe 2 Desemba, na kila mutu lazima atengeneze kitu yake mbele ya macho yabo. Ku fakilte yetu tuko babili: mimi na Pierrette. Doyen, mukubwa wa fakilte, alisema atakayeshinda atabakia na labo. Mwingine ataenda kufundisha hesabu ku baanafunzi ba mwaka wa kwanza. Labo yangu! Paa inavuja, mikroskopi ni moja, lakini mule ndani njo fasi niko mutu. Inje ya pale niko chaki tu.

Kitu yangu: plastiki ya magamba ya samaki. Unachemsha magamba mabichi, unamwanga uji yake, unaanika ku jua, inatoka karatasi ya kuangaza kama dirisha. Na hapa Kashikishi bamama banatoa magamba tangu asubuhi, inalala chungu nzima chini. Sikuleta hata moja. Kubeba ya nini?

Siku ya posho, 29 Novemba

Nimelala kwa bana Mwewa, mama moja anauzisha samaki ku soko. Ananiita ba Profesa. Sikumurekebisha. Mama wa watu anapenda kuheshimu, mimi nimukatae?

Pierrette naye amefika, na mifuko ya udongo wa kichuguu. Anatengeneza mbabula, jiko ya kula makala kidogo. Mbabula! Kila nyanya wa hapa iko na mbabula. Nilicheka ndani kwa ndani, kisha nikagawanya mafasi. Mimi: muchanga ya mbele, fasi ya jua, fasi ya foto. Yeye nilimuambia juri inapenda kivuli, aende nyuma kule bamama banapikaga. Alinishukuru! Kidogo nimuhurumie.

Siku ya Mungu, 30 Novemba

Kanisa. Kwaya ilikuwa tamu sana. Kufika ku matangazo, nikafunga macho. Nilikuwa ndani ya sale kubwa, koti ya bluu, mutu mukubwa wa serikali ananivalisha medali, Pierrette anapiga mikono ku kiti ya nyuma. Tangazo moja ilikuwa murefu. Batu balikuwa banaguna, bababa bamoja banashika kichwa. Na mimi niliguna, ya furaha.

Ku kutoka bana Mwewa akaanza kunielezea mambo ya samaki na serikali. Nilimuambia mama, mambo ya serikali tutaongea kisha medali.

Siku ya kwanza, 1 Desemba

Ajabu! Pwani iko safi kabisa. Mashua yote imevutwa inje, nyavu zimekunjwa, hakuna makelele, hakuna harufu. Bababa bamekaa na mashati ya kufuliwa. Nilielewa mara moja: balisikia juri inakuja, bakanitayarishia fasi. Machozi ilinitoka. Nilipita kwa kila mutu kumushukuru ju ya sadaka yake. Muzee Chibwe, mwenye mashua tatu, aliniuliza kama niko na homa. Batu ya unyenyekevu, hawa!

Muchana nililala na sauti ya maji. Niliota labo na paa mupya.

Siku ya pili, 2 Desemba

Mungu wangu! Mungu wangu!

Nilishuka na beseni kutafuta magamba. Hakuna samaki. Hakuna mama hata moja na kisu. Nilimukimbilia bana Mwewa. Yeye alikaa chini kwanza, njo akajibu. Ziwa imefungwa. Tangu jana mupaka mwisho wa Februari, kila mwaka, samaki ipate kuzaa. Balitangaza ku radio, ku soko, na ku kanisa pia. Nilimuuliza sababu gani hakuniambia. Akasema alikuwa anangojea medali.

Nikakimbia ku shimo ya takataka ya bamama. Nikachimbua na mikono. Nusu beseni, magamba ya juzi, ingali na maji. Kugeuka: ba Kabaso, mulinzi wa samaki wa serikali! Akauliza samaki iko wapi. Nikasema samaki hakuna, niko na magamba tu. Akasema hajaona bado magamba ya kutembea peke yake. Nikamuelezea kemia. Akachukua beseni.

Juri ikatukuta vile. Profesa Chipego, mukubwa wabo, aliuliza kati yetu kandida ni nani.

Ba Kabaso aliniachilia, ju soko yote ilishuhudia kama sijue kitu. Balishuhudia na sauti ya juu, na moyo moja. Juri ilikuwa na njaa ya safari, barabara murefu ya Mansa, ikafuata harufu kule nyuma. Ku mbabula ya Pierrette bwali, ugali ya hapa, na maharagi ilikuwa inaiva na makala kidogo tu. Bakakula. Bakaomba tena. Medali ni yake, labo ni yake.

Nilipiga mikono. Ilinuka. Nikaenda kuangalia maji, batu basione uso yangu. Iliniuma sana.

Siku ya tatu, 3 Desemba

Pierrette amekuja kuniona, medali ndani ya sakoshi pamoja na nyanya ya supu. Amesema labo inatutosha babili, meza yangu itabakia mule. Tena amemulilia Profesa Chipego anipatie nafasi moja ingine mwaka kesho. Nikikosa tena, ni chaki, yeye hataweza kunitetea. Muwanamuke muzuri. Inaniuma zaidi!

Profesa Chipego aliniacha nichague mwenyewe: kitu gani, mwezi gani. Mara hii nimekuwa na akili. Kitu ya ziwa, hapana! Niliangalia pande zote na macho ya sayansi, na iko pale, chini ya miguu yangu. Maembe! Imeanguka fasi yote, inaoza, hata mbuzi imechoka nayo. Plastiki ya maganda ya maembe. Serikali gani itafunga muti ya embe? Na mwezi nikachagua wa sita: hakuna mvua, jua ni muzuri, bintu inakauka mbio. Profesa amenipa mukono. Kutoka kwetu sitabeba hata embe moja. Ya nini?

Bana Mwewa alikuwa anafagia maembe ya kuoza ku kiwanja, anajisemea afazali inaishaka pamoja na mvua. Aliuliza kama nimesema mwezi wa sita. Nikasema ndiyo, wa sita. Akaacha ufagio, akafungua kinywa. Nilimuambia na upole mama, pongezi utanipatia siku ile.