Taa Zilizokataliwa na Ndege

Sebuleni, chini ya taa inayovuma
Jumatano jioni

Kwa Wifi yangu mkubwa,
Mtoaji wa Ndege.

Wifi mpendwa, shikamoo.

YAH: MALALAMIKO JUU YA MDOGO WAKO, NDEGE WAKO NA MWANGA WAO

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji pamoja na wajukuu. Sisi huku hatujambo. Ndege ndio hawajambo zaidi.

Najua wewe ni mtu wa simu, nami ningepiga, lakini mdogo wako anasema nikizungumza na simu sauti yangu inapanda, na ikipanda ndege wanaacha kula. Kwa hiyo nakuandikia. Nimeandika kwa adabu na kupunguza makali kila nilipoweza. Pale utakapoona mstari uliokatwakatwa, tafadhali usijaribu kuusoma.

Utakumbuka kwamba mdogo wako alipostaafu kazi yake ya kukagua mizani, ulituletea ndege wawili wa manjano katika tundu dogo, ukasema apate cha kumshughulisha asije akanikagua mimi. Nilikushukuru, na shukrani hiyo siifuti. Ila ulileta dume na jike, wifi. Hilo hukuliangalia. Leo wapo wanane. Wamehamia chumba walichokuwa wakilala watoto kabla hawajaenda kujitegemea, na yule bwana aliyekuwa akizunguka sokoni kutwa kuwinda mizani inayodanganya, sasa amegeuzia macho yake yote kwenye taa. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo:

1. Taa yangu ya cherehani. Unaijua, ile yenye shingo ndefu. Miaka yote nimetunga uzi chini yake. Mdogo wako aliichukua kwa majaribio bila hata kuniuliza. Majaribio yenyewe yako hivi: anafunga taa upande mmoja wa chumba, anaketi sakafuni ili macho yake yawe usawa wa macho ya ndege, kisha anangoja aone watahamia wapi. Wakiisogelea, taa imefaulu. Wakikimbilia kona ya mbali, imefeli. Yangu ilifeli. Karani, yaani yule dume wa kwanza, anayetembea kijitini kama mtu aliyechelewa ofisini, aliipa mgongo asubuhi hadi jioni. Basi mdogo wako akanirudishia taa kwa mikono miwili, kwa heshima zote, akasema, "Ndege wameikataa. Itakufaa wewe."

Wifi, soma tena maneno hayo, kisha uendelee.

2. Kumbe huo ndio ulikuwa mwanzo wa utaratibu mpya wa nyumba. Taa iliyofeli haitupwi. Inashushwa cheo, inaletwa kwa binadamu. Ile ndefu ya kufungwa darini sasa ipo jikoni. Mimi nilikuwa naiona imetulia tu, mpaka mdogo wako alipoielekezea kamera ya simu akanionyesha mistari inayotembea kwenye kioo. Akanieleza kwamba jicho la ndege ni jepesi kuliko letu, na kwamba mwanga tunaouona sisi umetulia, wao wanauona unawaka na kuzimika bila kupumzika, na unawachosha akili. Nikamuuliza, sasa kama unachosha akili, kwa nini unaniwekea jikoni? Akajibu, si wewe huuoni! Tangu siku hiyo nauona. Nakata vitunguu huku kope zinacheza.

Ile yenye mwanga wa buluu, iliyomfanya Bi Harusi, yule jike wa kwanza, ajinyonyoe manyoya ya kifua, imefungwa bafuni juu ya kioo. Kila asubuhi nakutana kiooni na marehemu, namsalimia, napiga mswaki. Ile yenye joto kali, iliyoondolewa haraka isije ikaunguza mtu, yaani ndege, ipo juu ya kitanda chetu. Upande wangu. Na hii ya sebuleni inayovuma kama nzi aliyenaswa, ambayo wanane wote waliikataa kwa kauli moja, ndiyo inayonimulikia ninapokuandikia. Nyumba hii uliyokuwa ukiisifu kwa wageni imekuwa jalala la taa, wifi.

3. Taa iliyofaulu. Hii ilipatikana baada ya muuza taa kuanza kujificha nyuma ya kaunta kila akimwona mdogo wako anavuka barabara. Fundi umeme naye, mtu mzima mwenye familia yake, alilazimishwa kuketi sakafuni athibitishe kwamba haimpigi machoni. Nakiri ina mwanga mzuri, mweupe wa upole, kama wa uani asubuhi. Na ndani yake, anasema mdogo wako, mna rangi ambayo ndege wanaiona na binadamu hawaioni. Alipoiwasha mara ya kwanza aliniuliza, "Unaionaje?" Nikasema ni nzuri. Akasema, "Hapana, wewe huioni."

Imefungwa pembeni, si katikati, ili upande wa pili kuwe na kivuli cha kupumzikia yeyote atakayechoka na mwanga. Kivuli, wifi! Mimi nikichoka na mwanga naambiwa nisogeze kiti.

4. Saa za kulala. Chumba cha ndege hakizimwi kwa swichi, maana giza la ghafla linawatia hofu, wanaruka ovyo na kuumia mabawa. Kimewekewa kifaa kinachofifisha taa polepole jioni, jua linavyotua, na kuirudisha polepole alfajiri. Na kifaa sina ugomvi nacho. Ninachogomba ni kwamba taa ikianza kufifia, nyumba nzima inapaswa kufifia nayo. Cherehani marufuku. Redio marufuku. Sufuria zioshwe kesho. Lakini sisi tukienda kulala, taa yangu inazimwa pap, na kama bado nina nguo ya kuning'iniza naining'iniza kwa kupapasa. Hakuna aliyewahi kufikiria kunififishia mimi.

5. Kazi yangu. Hili silisemi kwa utani. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani aliniletea kitambaa cheusi nimshonee gauni la sherehe ya kuwaaga wanafunzi wake. Mteja wangu wa siku nyingi, hana maneno mengi. Kitambaa kilipungua kidogo, nikaongezea kipande kutoka kabatini, nikakilinganisha vizuri hapa sebuleni, chini ya taa iliyokataliwa na wote wanane. Vilikuwa rangi moja, naapa. Siku ya sherehe, juani, mbele ya wazazi na wanafunzi, mwalimu mkuu aliinua mikono kupokea zawadi, na mkono mmoja ulikuwa mweusi, mwingine wa buluu iliyokolea. Alinirudishia gauni mwenyewe. Hakunigombeza. Alisema tu huenda nimeanza kuchoka. Bora angenitukana.

Nililia, wifi, nikiwa nimekaa kwenye kiti cha cherehani. Mdogo wako alisikia, akachungulia, akaufunga mlango wa ndege taratibu wasishtuke.

6. Hili nimeliweka mwisho kwa sababu ndilo lenyewe. Mdogo wako hazungumzi nami. Alipokuwa kazini alikuwa akirudi na habari za wafanyabiashara wanaobandika sumaku chini ya mizani, na mmoja aliyekaguliwa akajifanya amezimia, tukicheka mpaka watoto wanatuambia tulale. Sasa maneno anayo, tena mengi, nayasikia ukutani. Anawauliza walivyoamka. Anawauliza maji yamepoa? Mimi naulizwa chumvi iko wapi. Watoto walipoondoka tulibaki wawili, na wa pili ndiye huyo amehamia chumba cha pili. Nina upweke, wifi. Na nina wivu. Mtu mzima kama mimi, mwenye wajukuu, namwonea wivu ndege.

Kutokana na hayo, naleta mbele yako maombi yafuatayo, uamue kama mkubwa wa ukoo:

(a) Ufike Jumamosi na matundu ya kutosha, uwachukue ndege wako wote wanane, na ile taa yao ibaki.

(b) Endapo (a) haitawezekana, naomba rasmi nihesabiwe kuwa ndege wa tisa. Sifa ninazo. Mimi pia nililetwa nyumba hii na watu wakashangilia. Chakula changu ni kidogo, alfajiri naamka bila kuamshwa, na sijawahi kumdonoa fundi umeme. Nikikubaliwa nitastahili mwanga uliofanyiwa majaribio, kivuli changu mwenyewe, kufifishiwa taa kwa upole, na kukaliwa mbele kila siku na mdogo wako, macho yake yakiwa usawa wa macho yangu, bila haraka. Iwapo ana shaka, na nipimwe kwa njia yake ileile: niwekwe mimi upande mmoja wa chumba, ndege upande wa pili, tuone yeye atasogea wapi.

(c) Endapo (b) nayo itaonekana ni makuu, basi Jumamosi hiyohiyo nabeba cherehani yangu nahamia kwa kaka yangu. Nimeshaongea naye. Ameondoa kabati dirishani ili nipate mwanga wa kushonea. Wifi, hapo sitishii. Nimekula chumvi nyingi na mdogo wako na sikutegemea kufika hapa, lakini ndipo nilipofika.

Nisalimie shemeji, uwasalimie wajukuu mmojammoja, na jirani yako muuza maziwa, na yule shangazi anayeuliza kila mara kama nimenenepa. Mwambie kwa taa tulizonazo hakuna anayeweza kujua.

Nasubiri uamuzi wako kwa heshima na kwa kope zinazocheza.

Wifi yako,
Fundi cherehani,
Mke wa mdogo wako mpaka Jumamosi.

Nyongeza (Alhamisi asubuhi):

Wifi, sikuituma jana. Baada ya kusaini nilitaka kuisoma tena nione kama sijavuka mpaka, na humu ndani kuna chumba kimoja tu ambacho mtu anaweza kuusoma mwandiko wake. Mdogo wako alikuwa ametoka kwenda kununua punje za ndege. Nikaingia, nikakaa kwenye kigoda nyuma ya tundu kubwa. Sijamaliza lalamiko la nne, taa ikaanza kufifia.

Naye akaingia, peku, viatu mkononi. Nikatulia tuli nikidhani hajaniona. Akaanza kupita tundu baada ya tundu, akiinama kila mahali na kunong'ona. "Lala salama, Karani. Lala salama, Bi Harusi." Akawaaga wote wanane kwa majina, hata wale wadogo ambao mimi siwezi kuwatofautisha. Alipomaliza akasimama ananipa mgongo, akasema kwa sauti ileile, "Na wewe lala salama, Sindano."

Sindano ndilo jina alilonipa tulipokuwa wachumba, kwa ajili ya kazi yangu na, anavyodai, kwa ajili ya ulimi wangu. Sikuwa nimelisikia tangu mtoto wetu wa mwisho afungashe virago. Nikafungua mdomo nimwambie yote sita, kwa mpangilio, na karatasi ninayo mkononi. Akasema, "Shii. Taa imeshafika chini."

Nikanyamaza. Mimi, wifi! Akaja akaketi sakafuni ubavuni pangu. Akaniuliza kama yule mwalimu mkuu bado amekasirika, nikamwambia, na akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akaanza kuninong'oneza habari ya muuza punje na mizani yake, nikabana mdomo kwa kanga nisije nikawaamsha wenzangu.

Barua naituma vilevile ilivyo, maana nimeipotezea karatasi nyingi, na mambo ya bafuni bado ni ya kweli. Lakini matundu usilete. Kaka yangu nimemwambia arudishe kabati lake. Jumamosi karibu sana utusalimie, ila fanya hima ufike mapema. Taa ikishaanza kufifia, sisi huwa hatufungui mlango.