Wimbo Usiovuta Pumzi

Hakuna aliyezimia! Nalisema hilo mapema kwa sababu huko mtaani waliozimia wameshafika wanne, na mmoja wao, nasikia, keshazikwa. Ukweli ni kwamba fundi cherehani, mwanakwaya mwenzetu, alikaa chini. Kukaa chini si kuzimia.

Marehemu mume wangu alikuwa mwalimu wa kwaya yetu mpaka alipofariki, na kiti chake kilipaswa kubaki katika ukoo. Basi mdogo wake, shemeji yangu, mtu mwenye kifua kikubwa na sauti ndogo, akaamua kutunga wimbo wa kumkumbuka kaka yake. Ukipendeza, kwaya ingempigia kura. Ukiharibika, kiti kingekwenda kwa mwenye duka la dawa, ambaye hata suti hana!

Marehemu alitunga kwa kuimba, akitembea ukumbini. Shemeji alitunga kwa kompyuta. Aliweka programu ya kuandikia noti: unaibofya noti, inakaa kwenye mistari yake, kisha kompyuta yenyewe inauimba wimbo, "aaa", sauti zote nne.

"Shemeji, sikiliza hapo!"

"Nasikia. Mbona noti hiyo haiishi?"

"Ndio utamu wenyewe! Nimeivuta kurasa mbili."

"Na watu watapumua wapi?"

"Kompyuta imeimba tangu asubuhi, umeisikia ikilalamika?"

"Kompyuta haina mapafu, shemeji."

"Ndiyo maana haina visingizio!"

Nikaendelea kuchambua mchele. Mwanamume wa ukoo wetu hasahihishwi mbele ya watu, hata kama watu wenyewe ni mimi na paka.

Kwenye mazoezi kompyuta iliimba pamoja na wanakwaya kwa spika kubwa, hivyo kila mtu alipumua kwa wizi. Shemeji akaona ana malaika.

Siku yenyewe, ukumbi umejaa, kompyuta na spika yake pembeni, akawanong'oneza: "Leo mbele ya wageni, asinipumulie mtu!"

Wakamtii. Kwaya yetu ina nidhamu; aliijenga marehemu. Ukurasa wa kwanza, mishipa ya shingo ikasimama. Ukurasa wa pili, fundi cherehani akakaa chini. Wengine wakamfuata, safu kwa safu, kwa utaratibu mzuri sana. Mimi, sauti ya pili, sikukaa. Mjane wa mwalimu hakai. Niliegemea nguzo.

Kompyuta ikaendelea peke yake, "aaaa", shemeji akiiongoza kwa mikono miwili, macho kayafumba. Alipoyafumbua, kwaya nzima ilikuwa imekaa, inajipepea kwa kurasa za utunzi wake.

Makofi! Mgeni rasmi akaja na shada la maua, akatazama huku na huku, akaliweka juu ya kompyuta.

Jioni hiyo tukapiga kura. Mwenye duka la dawa alishinda, nasi tukampongeza kistaarabu. Wa pili ilikuwa kompyuta. Shemeji alipata kura moja, na anaapa hakujipigia.

Sasa mtaa mzima unaniuliza kura hiyo ilitoka kwa nani. Nimeshawaambia kwamba hakuna aliyezimia. Zaidi ya hapo, sisemi.