Nyota Hazina Kona

Leo nimeaibika, jamani. Tena mbele ya wakwe. (Wakwe watarajiwa. Baada ya leo sijui kama bado wanatarajiwa.)

Tulikuwa tunarudi Tanga kutoka harusini Mombasa: mchumba wangu Saumu, baba yake Mzee Bakari, bibi yake, ami yake Athumani aliyekuwa anaendesha, na mimi. Nafasi ile garini niliombewa na Saumu, ili mzee anizoee kabla sijatuma washenga. Alinionya mapema, "Ongea kidogo."

Sasa mimi nina ugonjwa wa nyota. Nimeshinda na video za mtandaoni mpaka macho yameniuma. Basi toka Mombasa hadi Horohoro nikawa nafundisha. Nikawaeleza Kilimia, kile kikundi cha nyota ndogondogo ambacho wakulima wa zamani walikitazama kujua wakati wa kupanda. Nikawaeleza Nge na mkia wake uliopinda. Nikawaambia Zuhura si nyota, ni sayari. Yote hayo mchana kweupe, hakuna nyota hata moja ya kunibishia.

"Kijana amesoma," akasema Mzee Bakari. Saumu akanifinya. Nikadhani ni mahaba.

Tumeshavuka mpaka, gari likapata pancha. Magharibi imeingia, giza linashuka. Ami Athumani akahangaika na jeki, bibi akabaki kwenye kiti kwa sababu ya magoti yake, sisi watatu tukatandika mikeka kando ya barabara.

"Kibla itakuwa kulekule tulikotoka," akasema mzee.

Hapo ningenyamaza, saa hizi ningekuwa nalala usingizi mtamu. Nikasema, "Barabara zina kona, mzee. Nyota hazina kona."

Saumu akatoa simu. "Nina chaji kidogo, nitazame dira?"

"Itunze chaji yako," nikamjibu. (Mbele ya baba yake. Naomba mlizingatie hilo.)

Nikatazama juu kumtafuta Dubu Mkubwa: nyota saba zilizokaa kama upawa, nne za bakuli, tatu za mpini. Ukimpata yeye umepata kaskazini, na kwetu huku kibla ni kaskazini. Upande mmoja kulikuwa na wingu tupu. Upande wa pili, hizo hapo: nne za bakuli, mbili za mpini. Ya saba nikaamua imejificha.

"Kule," nikanyoosha kidole.

Mzee akatazama barabara, akanitazama mimi, akasita. "Haya. Wewe ndiye mwenye elimu. Tuswalishe."

Nikaswalisha. Nilisoma kwa madaha, sauti nimeivuta kweli. Nikatoa salamu, nikageuka kupokea sifa zangu.

Bibi alikuwa ameshusha kioo. "Athumani," akaita, "hili gari linakwenda wapi?"

"Tanga, mama."

"Na hawa wameelekea wapi?"

Ami Athumani akainuka na spana mkononi. Akatutazama, akatazama gari. "Tanga, mama."

"Kibla imehamia Tanga lini? Au siku hizi watu wanaswali kuelekea mashamba ya mkonge?"

Wingu nalo likachagua wakati huo kufunguka. Nyuma yetu, kulekule tulikotoka, upawa wenyewe ukatokea, nyota zote saba, mpini wake mzima. Nilizokuwa nimezifuata mimi ni Msalaba wa Kusini. Wa kusini, jamani, jina lenyewe linasema! Zile mbili nilizoziita mpini ni majirani zake tu.

Saumu akajifunika uso kwa mtandio. Nikadhani analia kwa ajili yangu. Kumbe anacheka mpaka mabega yanatikisika.

Tukageuza mikeka, tukarudia swala. Safari hii Mzee Bakari mbele, mimi na ami nyuma yake, natamani ardhi inimeze. Kutoka pale mpaka mjini sikufundisha tena. Hata bibi aliponiuliza ile nyota inayong'aa ni ipi, nilimwambia sijui. (Ilikuwa taa ya bodaboda. Alikuwa ananipima.)

Wakanishusha Raskazone. Nimeshaaga, mzee akaniita.

"Washenga waje," akasema. Nikaushika mkono wake kwa mikono miwili. "Ila waje mchana. Na wafuate barabara."

Sasa natafuta washenga wawili wenye heshima zao, wasiojua nyota hata moja. Na wewe unayecheka hapo, umeshajitoa mwenyewe.