Mipira ya Ujerumani na Ng'ombe Aitwaye Kreta

Joshua hakusomea udaktari hata siku moja, lakini hilo halikumzuia kuvaa koti jeupe. Alilinunua mitumbani pamoja na kalamu tatu zilizokuwa mfukoni, na hakuna hata moja iliyoandika. Mtoto huyu wa Tandika, Dar es Salaam, alikuja Karatu kuwadanganya watalii, akakuta wameshadanganywa wote na waliomtangulia. Basi akawageukia wenyeji.

Asubuhi moja alikuwa kwenye benchi la zahanati, si kwa ugonjwa bali kwa kumkwepa mwenye nyumba wake, ndipo akamsikia bibi mmoja akimlalamikia jirani yake.

"Baridi yabisi imenimaliza. Vidole havikunjiki, magoti yanalia kama mlango mbovu. Na mwanangu Yohana amesema, Kreta akizaa nisipoweza kumkamua kwa mikono yangu, anamuuza."

Kreta alikuwa ng'ombe. Aliitwa hivyo kwa sababu ya tumbo lake, shimo kama la volkano: ukitupia majani ndani, huyaoni yalikokwenda.

Joshua akasikia maneno mawili tu, maumivu na ng'ombe, na moyoni akaanza kuendesha pikipiki mpya. Ukutani palikuwa na picha za mazoezi ya wagonjwa wa viungo. Akazipiga picha kwa simu. Kisha akaenda kwa Supeet, fundi baiskeli, akaomba tyubu mbovu, na Supeet akampa kwa shukrani, maana zilikuwa zinamjazia banda. Akaziosha kwa sabuni ya vyombo, akazikata vipande, akazipaka mafuta ya kula mpaka zikang'aa.

Kesho yake alipiga hodi kwa bibi huyo, Bibiana, kule Rhotia.

"Shikamoo, bibi. Mimi ni Dokta Joshua, wa viungo."

"Marahaba, mwanangu. Viungo vya pilau?"

"Vya mwili, bibi!"

Akamweleza kwa sauti ya mtu aliyevuka bahari kwa ajili ya elimu. Keti kitini, inuka, mara kumi, bila kujishika. Kanyaga mpira, vuta polepole. Jaza mchanga kwenye chupa, inyanyue. Asubuhi na jioni kamua kitambaa ndani ya maji ya uvuguvugu. Pakiuma sana, pumzika. Siri ya yote ni mipira hii, iliyotoka Ujerumani.

Bibiana akaugeuza mpira mmoja. Akakitazama kwa muda mrefu kiraka chekundu.

"Na hapa?"

"Hapo ndipo dawa ilipoingizwa."

"Ahaa," akasema bibi kwa heshima. "Wajerumani wana akili. Bei gani?"

"Kitu kama hiki hakilipwi kwa fedha, bibi," akajibu Joshua, macho yakiwa zizini.

Bibiana naye akatazama zizini, akashusha pumzi. "Basi, nitakuwekea ng'ombe."

Nusura Joshua ampige busu. Kwao Tandika, ukiwekewa chakula ni chako, ukiwekewa kiti unakikalia. Akauliza kama angeweza kuondoka naye siku hiyohiyo.

"Hata sasa. Ila twende kwa balozi tuandikishane, watu wasije wakakuita mwizi."

Joshua aliguswa na wema wa mtu anayekusaidia kumwibia. Kwa Mzee Alfonsi, balozi wa nyumba kumi, alitoa kitambulisho chake na kutia saini ya madoido. Hakuisoma karatasi. Madaktari huandika visivyosomeka, na huyu akaona ni haki yake pia kutosoma.

Siku ya mnada wa mifugo akamkokota Kreta mpaka langoni. Karani akaisoma ile karatasi, akacheka, akawaita wenzake.

"Dokta, huyu umewekewa!"

"Ndiyo, nimewekewa. Ni wangu."

Lango zima likaangua kicheko. Karani akamfafanulia taratibu, kama anavyofafanuliwa mgeni. Huku ng'ombe akiwekwa kwako, unamlisha, unamnywesha, unamtibu. Maziwa na samadi ni vyako. Ng'ombe na ndama ni wa mwenyewe, na akipotea, utamlipa.

Joshua alirudi Rhotia akifoka. "Bibi, umenitapeli!"

Bibiana alikuwa akiinuka na kuketi. "Saba... ngoja, dokta... nane..." Alipofika kumi akajifuta jasho. "Haya, twende kwa balozi. Ukaeleze ni Ujerumani ipi wanakoziba mipira kwa viraka vya Supeet. Mazoezi haya dada wa hospitali alinifundisha mwezi uliopita, na tyubu alisema niokote bure. Mimi nilichokosa ni mtu wa kukata majani."

Mjini shule, husema watu wa mjini, lakini hawasemi kwamba na Rhotia kuna chuo. Kitambulisho chake kimenakiliwa kwa balozi, Joshua angekimbilia wapi? Akajifariji kwa maziwa. Siku ya kwanza alivuta chuchu mpaka akala teke, na tone halikutoka. Samadi ilikuwa ya kutosha.

Kiangazi kile alibeba mabua mgongoni na maji kichwani. Koti likageuka rangi ya udongo. Kila jioni alipita kwa bibi, mwanzoni kumlaumu, baadaye kumhesabia. "Nane tu hizo, bibi, usinidanganye!" Vile vidole vikaanza kukunjika na kushika: kwanza kikombe, kisha kisu, kisha ndoo tupu. Joshua alifurahi, na furaha hiyo ilimchanganya, maana hakuwahi kumtapeli mtu akapona.

Kreta akazaa ndama jike, na siku tatu za kwanza maziwa yote yakawa ya ndama. Siku ya nne Yohana akafika kutoka Arusha, na gari la mnunuzi nyuma yake. Joshua akamleta Kreta na ndama uani kwa bibi. Bibiana akakaa kwenye kigoda, akaosha kiwele kwa maji ya moto, akashika. Mkondo wa kwanza ulikwenda upande, ukampata Yohana kiatuni. Wa pili ukalia ndani ya ndoo. Joshua akajikuta anamwomba Mungu, na kwa mara ya kwanza maombi yake hayakuhusu fedha.

Ndoo ilipojaa, bibi akainuka bila kujishika popote. Yohana akaitazama ndoo, akamtazama mama yake, akaenda kumwambia mnunuzi arudi na gari lake tupu.

Bibiana akaishika kamba iliyokuwa mkononi mwa Joshua. "Asante, mwanangu. Umemtunza vizuri. Sasa namchukua wangu, na ndama wangu."

Joshua akaing'ang'ania kamba. "Na mimi je, bibi? Si mlisema maziwa ni yangu?"

"Yalikuwa yako miezi yote mitatu."

"Miezi yote mitatu alikuwa mkavu! Mbona hukuniambia kwamba ng'ombe mwenye mimba kubwa hakamuliwi?"

"Mambo ya mimba hayo," akasema Bibiana, akimvuta Kreta kuelekea zizini, "ungemwuliza daktari."